Shati la Mpiga Chapa

Siku ile ya Jumatano nilifagia korido moja mara tatu. Mara ya tatu mwenzangu Namba alisimama mlangoni akanitazama ninavyosukuma ufagio mahali pasipo na hata unyasi, akacheka.

"Shemeji, hiyo sakafu imekukosea nini?"

"Kuna vumbi."

"Vumbi liko wapi? Hapo ukimwaga chakula mtu anakula bila sahani."

Nikageuka nikaanza kurudi nilikotoka, bado nafagia. Mikono ilikataa kutulia. Asubuhi ile nilikuwa nimesikia jambo, na tangu nilisikie nilikuwa sikai, sisimami.

Nianze nyuma kidogo ili nieleweke.

Jengo hili lilikuwa gereza la watu wa siasa. Walioletwa hapa hawakuiba wala hawakuua. Walisema, au waliandika, au walidhaniwa wamesema. Lilipofungwa lilikaa bure miaka mingi, popo wakahamia, halafu likafanywa makumbusho. Mimi ndiye wa usafi, mwaka wa tano huu. Namba ndiye anayezungusha wageni. Alifungwa humu pamoja na marehemu mume wangu, ndiyo maana ananiita shemeji. Jina analo, ila akisimama mbele ya wageni hujitambulisha kwa namba aliyopewa siku ya kwanza, mia nne kumi na saba, na sisi wenzake tukaliacha lile jina. Ni mtu wa maneno. Hadithi zake huongezeka kimo kila mwezi. Panya wa selo yake mwaka juzi alikuwa mkubwa kama kiatu, sasa hivi amefika paka.

Kila siku mimi huanzia getini na kumalizia selo namba saba. Humo mume wangu alikaa miaka minne. Nikishapiga deki huegemeza ufagio ukutani, hukaa kwenye kile kitanda cha saruji, husali. Wageni hupita humo kwa foleni, dakika chache chache, wakisukumana na simu zao. Mimi nina ufunguo. Mkurugenzi alinipa mwenyewe akasema, "Mama, hiki ni chako." Katika dunia yote hii, mahali ninapoweza kukaa nikamwombea mume wangu na roho ikatulia ni pale. Kaburini kwake situlii hivyo.

Sasa kapu.

Enzi zile barua zilikatazwa na kuonana kulikatazwa. Kilichoruhusiwa ni kapu. Kila Jumamosi sisi wake, mama na dada tulipanga foleni getini na nguo safi. Askari anazichukua, anatuletea kapu la nguo chafu, basi, nenda zako. Ikabidi tusome nguo. Mwenzangu akipokea shati linanuka dawa, anajua mtu wake yuko kitandani. La mume wangu likija limefungwa vifungo vyote mpaka cha shingoni, yeye mzima. Wiki mbili katika miaka minne lilikuja wazi. Nami kazi yangu ilikuwa kufua. Sikuwa na kingine cha kumfanyia. Nilifua mpaka shati likawaka, nikapiga pasi, nikarudisha Jumamosi, ili akilivaa ajue nyumbani kuna mtu.

Kwa hiyo Jumanne, nilipoingia chumba cha karo, lile sinki la saruji ambamo wafungwa walikuwa wakiwafulia askari zamani, nikakuta mapazia, vitambaa vya meza na kapu moja limefunikwa karatasi nyeupe, mikono yangu ilijua la kufanya kabla ya kichwa.

Mkurugenzi alikuwa ameniambia, "Mama, vya chumba cha karo vyote viwe safi kabla ya Ijumaa." Ijumaa kulikuwa na ufunguzi wa chumba kipya. Stoo ilikuwa inapakwa rangi, vitu vimehamahamishwa, na yeye alikuwa na wageni rasmi, hotuba, simu mbili masikioni. Lakini sitaki kujificha nyuma ya maneno yake. Nilipofunua ile karatasi niliona wazi kwamba hiki si kitambaa cha meza. Lilikuwa shati la mwanaume, jeupe, la mikono mirefu. Mgongo wote una madoa ya kahawia, yamekauka hadi kitambaa kimekuwa kigumu kama karatasi. Pembeni kuna kibandiko: kabati la kioo, Ijumaa.

Nikalishika nikasema peke yangu, ndiyo waliweke kwenye kioo hivi? Mtu na heshima zake, aoneshwe mbele za watu na nguo chafu namna hii? Hata maiti huoshwa kwanza.

Nikalifua. Damu haitaki maji ya moto, maji ya moto huiunguza ikaingia ndani ya uzi. Nililoweka kwenye maji baridi yenye chumvi, nikabadilisha maji mara saba. Ikakataa. Nikapaka sabuni ya mche nikaanika juani na povu lake. Ikalegea. Mwisho nikatia dawa ya kung'arisha, kidogo kidogo, mpaka pakabaki umanjano hafifu ambao lazima uutafute ndipo uuone. Vifungo vitatu vya juu havikuwepo, nikatoa vyangu kwenye kopo la sindano nikavishona. Nikapiga pasi. Nikalifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, nikalikunja, nikalirudisha kapuni, nikafunika na karatasi yake.

Halafu nikaenda selo namba saba nikasali, roho nyeupe. Nilimshukuru Mungu kwamba bado nina mikono.

Jumatano asubuhi nikawa napiga deki nje ya chumba kipya. Mlango uko wazi, ndani Mkurugenzi anamwelekeza seremala anayeunda lile kabati la kioo.

"Fundi, taa iwe kwa nyuma. Watu waone mgongo."

"Mgongo wa nini?"

"Wa shati. Ni la Mpiga Chapa."

Nikasimamisha dekio. Mpiga Chapa tulimjua wote. Alikuwa na mashine ya kuchapa kadi za harusi na risiti, wakasema anachapa na mambo mengine. Alifia humu. Cheti kilisema homa, siku tatu. Jeneza lilipelekwa kwao limepigwa misumari, askari wawili wamesimama juu yake hadi linafukiwa.

"Binti yake," Mkurugenzi akasema, "amezunguka ofisi kwa ofisi miaka thelathini na moja. Kila anapokwenda anaambiwa homa. Una ushahidi gani? Hana. Sasa juzi kaja mjane wa askari jela mmoja na sanduku. Mumewe alilificha lile shati miaka yote, alipokuwa anakata roho ndipo akasema. Damu iko mgongoni, fundi. Homa gani inatoa damu mgongoni? Kesho mchana anakuja mtaalamu wa maabara, na mpiga picha. Mpaka hapo haligusi mtu. Hata mimi nimelifunua mara moja tu nikalifunika, nilishindwa."

"Na binti anajua?"

"Nimempigia simu. Akasema atafika Ijumaa."

Maji ya ndoo yalikuwa yamenifika miguuni. Sikujua nimeyamwaga saa ngapi.

Ndipo nikaanza kufagia ile korido. Kila nilipopita mlango wa chumba cha karo niliingia, nikatazama kapu, nikatoka. Nilifika mpaka mlango wa ofisi ya Mkurugenzi mara mbili, nikainua mkono nibishe hodi. Nikaona ufunguo wa namba saba unaning'inia kidoleni, nikaushusha mkono. Nilijua nitakachoambiwa. Mama, pumzika. Mama, nenda nyumbani. Na siku nyingine nikitaka kumwombea mume wangu nipange foleni na wenye simu.

Saa ya chakula nikamwambia Namba. Tulikaa uani, yeye anamenya chungwa. Nilipomaliza chungwa lilikuwa limebaki nusu na maganda yake, ananitazama mdomo wazi.

"Shemeji. Ulilifua?"

"Nililifua."

"Lote?"

"Sasa mtu anafua nusu ya shati?"

"Na pasi?"

"Na pasi. Na vifungo."

Akaweka chungwa chini. Nilitegemea atapiga kelele. Akaanza kucheka, cheko lisilo na sauti, mabega tu, mpaka machozi yakamtoka. "Ewe Mungu wangu. Serikali nzima ilishindwa kuifuta ile damu vizuri, wakakosea wakabakiza shati. Umekuja wewe na mche mmoja wa sabuni."

"Usinicheke."

"Sikucheki, najililia." Akajifuta. Kisha akasogea, akashusha sauti. "Sikiliza. Nani amelichunguza lile shati? Mkurugenzi kaliona mara moja. Basi. Chemsha chai ya rangi, nzito, majani mengi. Tia na kutu kidogo, misumari iko kibao kwa seremala. Chovya mgongo, anika. Saa mbili tu limerudi kama lilivyokuwa."

"Wewe mzima?"

"Damu ilikuwepo au haikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Basi tunadanganya nini? Tunarudisha kilichokuwepo. Yule dada anakuja kumwona baba yake. Unataka umpe shati la kwenda nalo harusini?"

"Na mtaalamu wa maabara?"

"Hao wa maabara ndio wazazi wa ile homa ya kwenye cheti," Namba akasema. "Kwanza tangu lini vipimo vyao vikawa vya kuaminika? Atatikisa kichwa, ataandika, atakunywa soda, ataondoka. Na wewe utabaki na ufunguo wako."

Hapo aliponitajia ufunguo ndipo alipoushika moyo wangu. Namba mtu mbaya? Hapana. Alimpenda mume wangu, alimpenda na Mpiga Chapa. Alitaka kila mtu atoke na kitu.

Alhamisi nilifika kabla ya wenzangu wote. Nilisali njia nzima, lakini ile sala ya kusema maneno huku unatazama pembeni. Nikawasha jiko la umeme la chumba cha wafanyakazi, nikachemsha chai nzito mpaka ikawa nyeusi. Misumari Namba alikuwa ameshaniachia kwenye kikombe, ndani ya siki, imetoa rangi. Alikuwa amekifunika na kisahani, kwa adabu, kama mtu aliyemwachia mgonjwa uji.

Nikamimina yote kwenye beseni, nikaenda nalo chumba cha karo. Nikalifunua kapu, nikalitoa shati, nikalifungua vifungo, nikaligeuza mgongo. Nikaanza kutafuta. Doa kubwa lilikuwa hapa, chini ya bega la kushoto. La pili hapa. Mkono wa kushoto, nyuma ya kiwiko. Nikachovya kidole kwenye beseni, nikakiinua. Tone likaning'inia.

Ndipo nikaviona kichwani vile viatu vya kesi ya mume wangu.

Mume wangu hakukamatwa na kitu mkononi. Siku ya kesi yake walileta viatu vyenye tope, wakasema vimeokotwa uwanjani palipofanywa mkutano wa siri, navyo ni vyake. Alipoomba avijaribu hakimu alikataa. Vilikuwa namba nane. Yeye alikuwa anavaa kumi, na kumi yenyewe ikimbana. Mpaka anakufa, kila alipokuwa anafunga kamba za viatu asubuhi aliguna akasema, "Walitengeneza ushahidi wakausahau mguu wangu." Nilimsikia akisema hivyo miaka na miaka, huko mwishoni hata sikuwa namsikiliza, nilikuwa namwambia chai inapoa.

Humu ndani hakuna mtu aliyeletwa kwa ukweli. Walijazwa humu kwa vitu vilivyochovywa na kuanikwa. Na hao waliovitengeneza nao walisema, si tunajua alikuwepo? Tunarudisha tu.

Tone likaanguka, likaangukia sakafuni. Nikalirudisha shati kapuni mbio, nikalifunika na karatasi yake. Beseni nikalibeba mpaka karoni nikamwaga. Nikafungua bomba hadi weupe wa saruji ukarudi. Nikatoka kumtafuta Mkurugenzi, naye hayuko ofisini. Nikauliza mlinzi wa getini.

"Ana mgeni. Yule binti wa Mpiga Chapa. Alisema kesho, kaja leo, eti kasafiri tangu jana hajalala. Wamekwenda huko nyuma."

"Huko nyuma wapi?"

"Chumba cha karo."

Mimi ni mtu mzima, magoti yangu hayataki mbio. Siku ile niliyapa habari zake.

Niliwakuta mlangoni. Mkurugenzi ameshavaa glovu nyeupe. Binti ni mwanamke wa makamo, mvi zimemwanzia mbele, gauni jeusi la mikono mirefu, mkoba ameushika kwa mikono miwili mbele ya tumbo kama vile tulivyokuwa tunashika makapu.

"Shikamoo mama," akaniamkia.

Nikapita katikati yao nikasimama mbele ya kapu.

"Mama, tupishe kidogo," Mkurugenzi akasema kwa upole.

"Nitapisha, mwanangu. Kuna neno kwanza."

"Baadaye, mama. Tafadhali. Si unaona?"

"Shati nimelifua."

Nilisikia bomba linadondosha tone, sikuwa nimelifunga vizuri.

"Umefua nini?" Mkurugenzi akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Shati la Mpiga Chapa. Jumanne. Nilidhani ni heshima. Sikuwa najua kazi yake. Na jana baada ya kujua nilinyamaza kutwa nzima, nikawa nataka kulichafua tena kwa chai ili msijue. Sikulichafua. Lakini nilitaka."

Mkurugenzi alikaa kwenye ukingo wa karo, na suti yake, kwenye maji. Binti hakuangalia kushoto wala kulia. Alikwenda akaiondoa ile karatasi. Harufu ya sabuni ikapanda. Akalitoa shati, akalikunjua, akalishika mabegani namna mtu anavyopima kama litamtosha mtu wake. Jeupe, limenyooka, na mstari wa pasi kwenye mikono.

"Nani alikwambia baba yangu mchafu?" akasema.

Nikaitazama mikono yangu.

"Miaka thelathini na moja," akasema, sasa sauti imepanda, "miaka thelathini na moja natukanwa na makarani wadogo kuliko watoto wangu. Una ushahidi, dada? Una ushahidi, mama? Juzi napigiwa simu naambiwa upo. Nimekaa kwenye gari usiku na mchana nawaza nitaushika vipi. Nakuja nakuta umepigwa pasi!" Akalitikisa. "Na hivi vifungo? Hivi vifungo si vya baba."

"Ni vyangu. Vitatu vya juu havikuwepo."

"Vilikwenda wapi?"

"Vilivutwa."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Umejuaje?"

"Kifungo kikianguka kwa kuchakaa kinaacha uzi mrefu, umechoka, una manyoya. Hivi vilikuwa vimekatika uzi mfupi, na cha katikati kiling'oka na kipande cha kitambaa. Nilitia kiraka kwa ndani, ukigusa utakisikia. Vyote vitatu vilitoka kwa mpigo mmoja."

Akagusa kwa ndani. Kidole chake kikakikuta kiraka, kikasimama hapo.

"Endelea," akasema.

"Doa kubwa lilikuwa hapa, chini ya bega la kushoto, upana wa kiganja. Likatiririka hivi mpaka kiunoni, alikuwa amesimama au amefungwa amesimama. La pili hapa katikati, jembamba, mistari minne. Na mkono huu, nyuma ya kiwiko. Kola ilikuwa safi kabisa. Homa ya siku tatu, dada yangu, kitu cha kwanza kuchafuka ni kola, kwa jasho. Hii haikuwa na jasho."

Mkurugenzi alikuwa ameinuka. Alitoa simu yake polepole, akaiweka inanasa sauti, akaishika mbele yangu.

"Kuna jingine," nikasema. Hili nilikuwa sijamwambia mtu, hata Namba, kwa sababu nilikuwa sijaiona maana yake mpaka nilipolisikia linatoka mdomoni mwangu. "Damu zilikuwa mbili. Ya juu nyeusi. Chini yake, pale kwenye kiwiko, kulikuwa na nyingine imepauka, pembe zake zimesambaa. Damu inakuwa hivyo ikishafuliwa. Yaani alipigwa, shati likatoka, likafuliwa, likarudi, akalivaa, akapigwa tena. Kati ya moja na nyingine si chini ya wiki. Nguo zilikuwa zinatoka Jumamosi kwa Jumamosi."

"Likafuliwa na nani?"

"Sijui. Ila alikuwa mtu wa buluu. Kwenye mishono ya kwapa ilikuwa imebaki rangi ya buluu ya kufulia, nyingi, mpaka maji yangu ya kwanza yalibadilika."

Binti akalishusha shati. Akakaa pale pale Mkurugenzi alipokuwa amekaa.

"Mama yangu," akasema. "Mashuka yetu yalikuwa kama anga. Watoto wenzangu walikuwa wananicheka sare ya shule, wananiita Wino." Akagusa mshono wa kwapa. "Kwa hiyo aliiona damu."

"Aliiona."

"Hakuwahi kusema. Amekufa hajasema. Kila nikilia anasema, 'Baba yako aliumwa homa, mwanangu, nyamaza.' Kwa nini alilifua? Kwa nini hakulificha, hakulipeleka kwa mtu?"

"Lilikuwa lazima lirudi Jumamosi," nikamwambia. "Kapu likirudi pungufu, ndani wanamuuliza mtu wako. Na hata lisingekuwa lazima, dada yangu. Hakuwa na kingine cha kumfanyia."

Nilikumbuka foleni ile. Tulikuwa tunaonana migongo zaidi ya nyuso. Kulikuwa na mwanamke mmoja, kucha zake zina buluu pembeni, haitoki. Sikumjua jina. Labda alikuwa yeye, labda wengi walikuwa na buluu. Sikumwambia binti, kwa sababu sina hakika nayo, na siku ile nilikuwa nimeapa kusema ninachokijua tu.

"Sijakusamehe," akasema.

"Sijaja kuomba hilo leo."

Akafungua mkoba, akatoa mkasi mdogo wa kucha, akaniwekea mkononi. "Toa vifungo vyako."

Nikavitoa kimoja kimoja, nikakata uzi karibu kabisa, nisiguse nyuzi zake za zamani. Kiraka tulikiacha, kingechana kitambaa. Nilipomaliza Mkurugenzi alinyoosha kiganja. Nikauvua ufunguo wa namba saba kwenye kamba yake, nikampa. Akautia mfukoni.

Mtaalamu alikuja saa nane mchana na kijisanduku chake, na mpiga picha nyuma yake, na seremala akaja kutazama, na Namba akasimama mbali, ukutani. Mtaalamu akalitandaza shati mezani, akamulika taa, akaligeuza, akanusa.

"Hili limetiwa dawa," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ndiye."

Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili, akamgeukia Mkurugenzi. "Basi mmeniitia nini? Hapa hakuna cha kupima. Siwezi kuandika kitu ambacho hakipo. Na nyinyi pia mtapiga picha ya nini, shati jeupe?"

Akaanza kufunga kijisanduku. Mpiga picha akashusha kamera.

Binti alikuwa amekaa kwenye ukingo wa karo muda wote. Akasimama. Akamwendea seremala, akachomoa kipande cha chaki nyeupe anachochorea mbao, kile alichokuwa amekipachika sikioni. Akaja akanipa. Kisha akageuka, akatupa mgongo mbele ya watu wote, na lile gauni lake jeusi, akainua mkono wa kushoto kidogo kama mtu anayejikinga.

"Chora," akasema. "Anza na ile ya kwanza. Ile aliyoifua mama."

Mtaalamu akasimama na mfuniko mkononi. Nikapiga hatua mbili. Tangu Jumatano mikono yangu ilikuwa haijatulia. Nikagusa nyuma ya kiwiko chake, taratibu, akashtuka, kisha akatulia. Nyuma yangu nikasikia kamera inafunguliwa.

Nikaanza pale, kwa chaki, nikisema kwa sauti kila nilichokiona.